GnuPG mbili, hata tatu, ndani ya kompyuta moja bila funguo kupotea

Ujumbe kwenye skrini ulikuwa mfupi: `decryption failed: No secret key`. Mwenzangu alikuwa amenitumia nyaraka za zabuni, kazisimba kwa ufunguo wangu mpya, na muda wa kuzirudisha ulikuwa kesho yake asubuhi. Ufunguo huo niliutengeneza mwenyewe wiki mbili kabla, kwenye kompyuta ileile, ndani ya folda ileile. Nilipoandika `gpg -K` ndipo nikaona alama ambayo sikuwahi kuitilia maanani. Kwenye mstari wa ufunguo tanzu wa kusimbia paliandikwa `ssb#`. Hiyo alama ya reli ina maana kwamba GnuPG, programu ya kusimba na kufungua mafaili kwa funguo, inaujua ufunguo kwa jina, ila sehemu yake ya siri haimo mikononi mwake.

Chanzo kilikuwa hiki: kompyuta yangu ilikuwa na matoleo mawili ya GnuPG, la zamani 1.4 na jipya 2.2, na yote mawili yalikuwa yakila sahani moja, yaani folda ya `~/.gnupg`. Ufunguo tanzu niliutengeneza kwa toleo la zamani. Toleo jipya liliona sehemu ya umma, likaitangaza, watu wakaanza kuitumia, na sehemu ya siri ikabaki kwenye faili ambalo toleo jipya halilisomi tena.

Tangu siku hiyo nimewapangia watu wengi kompyuta zenye matoleo mawili au matatu, na fundisho ni lilelile kila mara. Programu zenyewe hazigombani kabisa. Zinazogombana ni folda za funguo, pamoja na wakala anayezilinda. Kila toleo likipata folda yake na wakala wake, unaweza kuwa nayo hata manne na usisikie kelele. Mwongozo huu ni wa Linux, na mifano nimeitoa Debian 12. Ubuntu inafuata njia ileile.

Kwanza, je, unahitaji kweli matoleo mawili?

GnuPG ni kazi ya Mjerumani Werner Koch, na toleo 1.0 lilitoka 1999, miaka minane baada ya Phil Zimmermann kuachia huko Marekani PGP ya kwanza, programu ya usimbaji iliyoitangulia. Mpaka leo familia zake mbili zingali zinatumika. Toleo 1.4 ni programu moja iliyojitosheleza, inashika funguo za siri yenyewe. Kuanzia 2.1, iliyotoka Novemba 2014, kazi hiyo alikabidhiwa wakala anayeitwa `gpg-agent`, na `gpg` yenyewe haigusi tena ufunguo wa siri. Mabadiliko hayohayo ndiyo yaliyoondoa uwezo wa kusoma funguo za kizazi cha PGP 2, zile za miaka ya 1990 zinazoitwa funguo za toleo la 3.

Basi sababu za kweli za kuwa na matoleo mawili ni chache. Una mafaili ya zamani yaliyofungwa kwa ufunguo wa kizazi hicho, na 1.4 pekee ndiyo inayoufahamu. Au mfumo wako umekupa 2.2 (Debian 12 inakuja na 2.2.40) nawe unataka 2.4. Au unaandika programu na lazima uhakikishe inafanya kazi kwa watumiaji wa pande zote.

Lakini usikimbilie 1.4 kwa sababu tu faili la zamani limekataa kufunguka. Mara nyingi ufunguo hauna tatizo, tatizo ni kinga. Mwaka 2018, baada ya udhaifu wa EFAIL kutangazwa, GnuPG 2.2.8 ilianza kukataa kabisa mafaili yasiyo na MDC, ile alama inayothibitisha kwamba yaliyomo hayakuchezewa njiani. Mafaili mengi ya zamani hayana. Kama faili ni lako, limekaa kwenye diski yako miaka yote, na ufunguo wake ni wa toleo la 4, jaribu hivi kabla ya kusakinisha chochote:

`gpg --ignore-mdc-error -o wazi.doc -d faili-la-zamani.gpg`

Likifunguka, kazi imekwisha. Usiliweke hilo chaguo ndani ya `gpg.conf` hata siku moja. Ni la kutumiwa kwa mkono, kwa faili moja, ukijua unachofanya.

Kujua ufunguo ni wa toleo gani, angalia ufunguo wenyewe:

`gpg --list-packets ufunguo.asc`

Chini ya `public key packet` utaona `version 4` au `version 3`. Hapa watu wengi huteleza. Ukitumia amri hiyohiyo kwa faili lililosimbwa badala ya ufunguo, utaona `pubkey enc packet: version 3` hata kama ufunguo ni mpya. Hiyo 3 ni namba ya muundo wa kifurushi, haihusiani na umri wa ufunguo. Nimewahi kumkuta kijana amesakinisha 1.4 kwenye seva nzima ya ofisi kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Hatua ya 1: jua ulicho nacho sasa

Fungua terminali uandike:

`type -a gpg gpg1 gpg2`

`gpg --version`

Amri ya kwanza inakuonyesha kila `gpg` iliyo kwenye njia yako, kwa mpangilio ambao kompyuta inazitafuta. Ya pili inataja toleo, na ukishuka mistari michache utakuta `Home:` ikifuatwa na folda inayotumika. Mstari huo wa `Home:` uzoee. Kila kitu kikivurugika, anza kuuangalia huo.

Kisha chungulia ndani:

`ls -la ~/.gnupg`

Folda hii inasema historia yake yenyewe. Ukiona `secring.gpg`, 1.x au 2.0 imepita hapo, au ingali ikipita. Ukiona `private-keys-v1.d`, 2.1 au toleo la baada yake limekaa hapo. Faili dogo lisilo na kitu liitwalo `.gpg-v21-migrated` ni alama kwamba toleo jipya lilihamisha funguo za siri kutoka `secring.gpg`, na uhamisho huo hufanyika mara moja tu katika maisha ya folda. Linganisha tarehe za mafaili hayo mawili. Kama `secring.gpg` ni ya karibuni kuliko `.gpg-v21-migrated`, umeongeza au kubadilisha ufunguo kwa toleo la zamani baada ya uhamisho, na toleo jipya halina habari. Upo pale nilipokuwa mimi.

Tiba ya hali hiyo ni mstari mmoja (badala ya ALAMA-YA-UFUNGUO weka alama ya kidole ya ufunguo wako), ila usiuendeshe kabla ya Hatua ya 2:

`gpg1 --export-secret-keys ALAMA-YA-UFUNGUO | gpg --batch --import`

Ukirudia `gpg -K` utaona `ssb` bila alama ya reli.

Hatua ya 2: nakala rudufu, na uijaribu

Hatua hii usiiruke. Ufunguo wa siri ukipotea hakuna ofisi ya kwenda kuulizia, na hakuna kitufe cha "nimesahau nywila".

`umask 077`

`gpgconf --kill all`

`tar -C ~ -czf gnupg-akiba.tar.gz .gnupg`

`gpg --armor --export-secret-keys > funguo-za-siri.asc`

`gpg --export-ownertrust > uaminifu.txt`

Amri ya kwanza inahakikisha mafaili yatakayoundwa hayasomwi na mtumiaji mwingine. Ya pili inamsimamisha wakala ili asiandike kitu wakati unanakili. Faili la tar linabeba kila kitu pamoja na vyeti vya kubatilishia ufunguo vilivyo ndani ya `openpgp-revocs.d`, ambavyo amri ya `--export-secret-keys` haivichukui.

Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu kuwa nakala. Ijaribu kwenye folda ya muda:

`mkdir -m 700 /tmp/jaribu`

`gpg --homedir /tmp/jaribu --import funguo-za-siri.asc`

`gpg --homedir /tmp/jaribu -K`

Hesabu funguo. Zitimie zote, na pasiwe na alama ya reli ambayo haikuwepo awali. Kisha mfukuze wakala wa folda hiyo na uifute:

`gpgconf --homedir /tmp/jaribu --kill all`

`rm -r /tmp/jaribu`

Nakala iweke kwenye flashi, na flashi ikae mahali penye kufuli.

Hatua ya 3: sakinisha toleo la zamani kwa jina lake

`sudo apt install gnupg1`

Debian inalipa toleo la zamani jina la `gpg1`, na `gpg` inabaki kuwa toleo jipya. Namba utakayoiona ni 1.4.23, iliyotoka Juni 2018. Watunzaji wake wameiacha kwa ajili ya kufungua mambo ya kale, haina maendeleo mapya. Kwa hiyo usitengeneze ufunguo mpya nayo wala usimfungie mtu barua nayo.

Usiiendeshe bado. `gpg1` ikiamka bila kuambiwa pa kwenda, itaingia moja kwa moja `~/.gnupg`, palepale tunapotaka isiingie.

Hatua ya 4: kila toleo na folda yake

`mkdir -m 700 ~/.gnupg-zamani ~/.gnupg-24`

Ruhusa ya 700 ni lazima. Ukiisahau, GnuPG italalamika `unsafe permissions on homedir`, na ina haki, kwa sababu hapo ndipo siri zako zinapolala.

Kuna njia mbili za kuiambia GnuPG itumie folda ipi: chaguo la `--homedir` ndani ya amri, au kigeu cha mazingira `GNUPGHOME`. Kwa kazi ya kila siku zote mbili zinachosha, na siku ukisahau kuandika, umevuruga. Mimi hutengeneza hati ndogo ndani ya `~/bin`. Ya kwanza naiita `gpg-zamani`:

`#!/bin/sh`
`exec gpg1 --homedir "$HOME/.gnupg-zamani" "$@"`

Ya pili, `gpg24`:

`#!/bin/sh`
`export GNUPGHOME="$HOME/.gnupg-24"`
`export PATH="/usr/local/gnupg24/bin:$PATH"`
`exec /usr/local/gnupg24/bin/gpg "$@"`

Zipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod 755 ~/bin/gpg-zamani ~/bin/gpg24`, na hakikisha `~/bin` imo kwenye `PATH` yako. Wengine hutumia `alias` ndani ya `.bashrc`. Si vibaya, ila `alias` inajulikana na terminali yako tu. Git haiijui, cron haiijui, na hati ya mwenzako haiijui. Hati ndani ya `~/bin` inaonekana na kila programu inayoiita kwa njia yake kamili.

Faida nyingine ya folda tofauti ni `gpg.conf`. Chaguo la 2.4 likiwekwa kwenye faili linalosomwa pia na 1.4, toleo la zamani litagoma kwa sababu halilijui. Sasa kila folda ina `gpg.conf` yake.

Hatua ya 5: hamisha funguo

Kwa toleo la zamani, kama bado una `pubring.gpg` na `secring.gpg` halisi za 1.x, zinakili zote mbili kwenda `~/.gnupg-zamani`. Hapo kunakili kunafaa kwa sababu muundo ni wa 1.x kwa 1.x. Kama funguo zako ni za PGP 2 zenyewe, kwa kawaida utakuta `secring.pgp` kwenye diski ya zamani, na unaziingiza hivi:

`gpg-zamani --import secring.pgp`

Ukijaribu kuingiza ufunguo huo kwenye 2.x utajibiwa `skipped PGP-2 keys: 1`. Imeuona, imeuruka, na haitabadili mawazo.

Kutoka toleo moja la 2.x kwenda jingine, usinakili folda. Toa kwa toleo moja, ingiza kwa jingine. Utafanya hivyo kwa 2.4 ukishamaliza Hatua ya 6:

`gpg --export-secret-keys ALAMA-YA-UFUNGUO | gpg24 --batch --import`

`gpg --export | gpg24 --import`

`gpg24 --import-ownertrust uaminifu.txt`

Mstari wa kwanza utakuomba nywila. Tumia alama ndefu ya kidole ya ufunguo, yenye tarakimu 40, usitumie zile nane za mwisho. Funguo mbili tofauti zinaweza kugongana kwenye tarakimu nane.

Kingine: ufunguo wa ed25519, ambao ndio chaguo la kawaida la GnuPG tangu 2.3, haufanyi kazi kwenye 1.4. Usipoteze jioni nzima ukijaribu. Folda ya zamani ibaki na funguo za zamani tu.

Hatua ya 6: jenga 2.4 pembeni

Kama mfumo wako tayari una 2.4 (Ubuntu 24.04 ina 2.4.4, Debian 13 ina 2.4.7), pita hatua hii. Kama una 2.2, usijaribu kubomoa kifurushi cha mfumo ili uweke kipya mahali pake. `apt` inathibitisha vifurushi vyake kwa `gpgv`, ndugu wa damu wa `gpg`. Ukiharibu familia hiyo, kompyuta itashindwa hata kupakua dawa ya kujitibu. Wala usiweke kiungo juu ya `/usr/bin/gpg`. Toleo jipya likae kwenye kiwanja chake, `/usr/local/gnupg24`.

Pakua faili la msimbo chanzo kutoka gnupg.org pamoja na faili la saini lenye mwisho wa `.sig`. Funguo za waliotia saini zimewekwa kwenye tovuti hiyohiyo. Ziingize, kisha thibitisha:

`gpg --verify gnupg-2.4.x.tar.bz2.sig gnupg-2.4.x.tar.bz2`

Badala ya x weka namba uliyopakua. Unataka kuona `Good signature`, halafu ulinganishe alama ya kidole na ile iliyochapishwa. Onyo la kwamba ufunguo haujathibitishwa na mtu unayemwamini ni la kawaida, lakini `BAD signature` maana yake futa faili na uanze upya.

Sakinisha vifaa vya kujengea na uanze kazi:

`sudo apt install build-essential wget bzip2 patchelf`

`tar xjf gnupg-2.4.x.tar.bz2`

`cd gnupg-2.4.x`

`make -f build-aux/speedo.mk native`

`sudo make -f build-aux/speedo.mk install SYSROOT=/usr/local/gnupg24`

Njia hii, inayoitwa speedo, inapakua yenyewe maktaba ambazo GnuPG inazihitaji, libgpg-error, libgcrypt, libassuan, libksba na npth, na kuzijenga kwa mpangilio unaotakiwa. Ukitaka kujenga kila moja kwa mkono unaweza, ila libgpg-error itangulie, maana nyingine zinaitegemea. Tayarisha bando la intaneti la kutosha na uiache ifanye kazi yake.

Ikimaliza, usiamini macho kwa kuona namba mpya tu. Iulize inawaita wasaidizi wake kutoka wapi:

`/usr/local/gnupg24/bin/gpgconf`

Itaorodhesha sehemu zake na njia ya kila moja. Mstari wa `gpg-agent` uanze na `/usr/local/gnupg24`. Ukianza na `/usr/bin`, una kichwa kipya juu ya mwili wa zamani, na makosa yatakayofuata hayatakuwa na maelezo.

Ukipata `No pinentry` mara ya kwanza unapoombwa nywila, weka mstari huu ndani ya `~/.gnupg-24/gpg-agent.conf`:

`pinentry-program /usr/bin/pinentry`

Hatua ya 7: wakala, mahali panapowasumbua wengi

Niruhusu nikae hapa kidogo. Wakala ni programu inayojificha nyuma, ikikumbuka nywila yako kwa muda na kushika funguo za siri. `gpg` huzungumza naye kupitia soketi, yaani mlango wa mawasiliano kati ya programu. Folda ya kawaida `~/.gnupg` ina soketi yake ndani ya `/run/user/` ikifuatwa na namba yako ya mtumiaji, kisha `gnupg`. Kwenye Debian, systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, ndiye anayeisikiliza na kumwamsha wakala wa `/usr/bin` mara tu mtu anapobisha hodi. Kwa hiyo ukiendesha `gpg` ya 2.4 juu ya folda ya kawaida, atakayefungua mlango ni wakala wa 2.2, nawe utaona:

`WARNING: server 'gpg-agent' is older than us (2.2.40 < 2.4.7)`

Ushauri unaotolewa hapohapo ni kutumia `gpgconf --kill all`. Ni mzuri ikiwa umesasisha mfumo na wakala wa zamani alibaki kumbukumbuni. Kwa hali yetu hautoshi. Ukimuua, systemd atamfufua yuleyule.

Folda ikiwa tofauti, GnuPG huitengenezea soketi zake kwenye folda ndogo yenye jina linaloanza na `d.` na mchanganyiko wa herufi uliokokotolewa kutoka kwenye njia ya folda hiyo. Systemd haisikilizi huko, na `gpg` ya 2.4 inamwamsha wakala wake mwenyewe. Hakikisha:

`GNUPGHOME=~/.gnupg-24 /usr/local/gnupg24/bin/gpgconf --list-dirs agent-socket`

`pgrep -a gpg-agent`

Ya kwanza ionyeshe njia yenye `d.`. Ya pili ionyeshe mawakala wawili, kila mmoja na folda yake. Ukitaka kumsimamisha mmoja, tumia `gpgconf` ya toleo lake na folda yake. `killall` haimtambui yupi ni yupi.

Kwenye seva, hasa kazi zinazoendeshwa na cron au baada ya `sudo -u`, mara nyingine `/run/user` ya mtumiaji huyo haipo. Hapo soketi huwekwa ndani ya folda ya funguo yenyewe, na njia ya soketi kwenye Linux haiwezi kuzidi herufi 108 hivi. Folda iliyozikwa ndani kabisa ya folda nyingine itashindwa bila sababu ya kueleweka. Ipe njia fupi.

Kwa wenye YubiKey au kadi: kila folda inaamsha `scdaemon` yake, msaidizi anayezungumza na kifaa hicho, na kifaa hakikubali mabwana wawili. Kikisema hakionekani wakati kimechomekwa, simamisha cha upande wa pili kwa `gpgconf --kill scdaemon`.

Mambo mawili ya 2.4 ya kuangalia

Folda mpya ya 2.4 iliyojengwa kutoka msimbo chanzo huweza kuanza na faili `common.conf` lenye neno `use-keyboxd`. Hapo funguo za umma zinawekwa kwenye hifadhidata ndani ya `public-keys.d`, ambayo 2.2 haiisomi. Ndani ya folda yake hakuna ubaya. Ubaya ni pale mtu anapoielekeza 2.2 kwenye folda hiyo akakuta hakuna ufunguo hata mmoja, akadhani funguo zimefutwa. Hazijafutwa.

La pili ni zito zaidi. Ufunguo uliozaliwa ndani ya 2.4 unatangaza kwamba mwenyewe anapokea usimbaji wa aina ya OCB. Atakayekutumia faili kwa 2.4 ataitumia, na ukijaribu kulifungua kwa programu isiyoijua, 1.4 ikiwemo, utakwama. Kama ufunguo huo utatumika pia kwingine, angalia:

`gpg24 --edit-key ALAMA-YA-UFUNGUO`

Andika `showpref`. Ukiona `AEAD: OCB` na huitaki, andika:

`setpref AES256 AES192 AES SHA512 SHA384 SHA256 ZLIB BZIP2 ZIP Uncompressed`

kisha `save`, na uwatumie wenzako ufunguo wa umma upya. Wasipoupokea mpya, wataendelea kufuata tangazo la zamani.

Hatua ya 8: waelekeze wengine

Git inahitaji kuambiwa:

`git config --global gpg.program "$HOME/bin/gpg24"`

Thunderbird, tangu toleo 78 la mwaka 2020, ina usimbaji wake wa ndani na haitumii folda hizi kwa kawaida. Ufunguo ulioingiza `~/.gnupg-24` hautaonekana humo mpaka uuingize tena.

Hatua ya 9: hamisha nyaraka za kale, kisha funga mlango

Sioni sababu ya kuishi na 1.4 milele. Lengo ni kufungua vya kale na kuvifunga upya kwa ufunguo wa leo. Fanya hivyo kwa bomba, ili yaliyomo yasiguse diski yakiwa wazi:

`set -o pipefail`

`gpg-zamani -d mkataba.pgp | gpg24 -e -r ALAMA-YA-UFUNGUO -o mkataba.gpg && echo SAWA`

Mstari wa kwanza usiudharau. `gpg-zamani` ikishindwa kwa nywila mbaya, `gpg24` upande wa pili itapokea utupu, itaufunga vizuri kabisa, na utapata faili jipya lenye saizi ndogo na jina sahihi, ndani yake hamna kitu; bila mstari huo, `SAWA` itaandikwa hata hapo. Ukiwa umeliendesha kwa mafaili mia mbili na ukafuta ya awali, umefuta kumbukumbu za ofisi.

Kabla ya kufuta chochote, linganisha:

`gpg-zamani -d mkataba.pgp | sha256sum`

`gpg24 -d mkataba.gpg | sha256sum`

Namba mbili zilingane herufi kwa herufi. Kama faili la zamani lilikuwa na saini, saini hiyo haihami pamoja na yaliyomo. Hifadhi ujumbe wa `Good signature` na tarehe yake kwenye daftari, au weka faili la awali mahali salama kama ushahidi.

Yakishalingana yote, ondoa toleo la zamani:

`sudo apt remove gnupg1`

Folda ya `~/.gnupg-zamani` ihamishie kwenye ile flashi ya Hatua ya 2, bandika karatasi yenye tarehe na neno "GnuPG 1.4", na uirudishe kabatini. Mwisho endesha `gpg24 -K` mara moja zaidi, ukitafuta alama ya reli.